Kanisa Lilianza Lini? Uchambuzi wa kisa cha jubilii ya kanisa dogo la mashambani, Nakuru

Kisa hiki ni cha kanisa dogo la PCEA (Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki) lililotaka kuandika historia yake kwa ajili ya sherehe ya jubilii, likajikuta linagombana juu ya mwaka wa kuanza. Mimi niliitwa kutoka parishi jirani kuisaidia kamati. Nimeondoa jina la kanisa, la shamba na la kila mtu, na miaka ya kanisa lenyewe naitaja kwa miongo tu. Miaka ya historia ya nchi na ya PCEA kwa jumla nimeiacha ilivyo, kwa sababu bila hiyo kisa hakieleweki. Nawaandikia wazee wa kanisa, makarani na vijana ambao hupewa kazi ya "kuandika historia yetu" wakati hema na sufuria za sherehe zimeshakodishwa.

Usuli

Kanisa liko sehemu za juu za kaunti ya Nakuru, nchi ya baridi, viazi na minji, na zamani ya pareto. Familia hazifiki mia. Jengo jipya ni la mawe. La mbao liliachwa lisimame nyuma yake, sasa ni jiko na darasa la watoto wa shule ya Jumapili. Mchungaji ni mmoja kwa parishi nzima, naye huzunguka makanisa kadhaa, kwa hiyo Jumapili nyingi ibada huongozwa na wazee.

Misheni ya Waskoti ilianzia Kibwezi mwaka 1891, ikahamia Thogoto mwaka 1898, kisha ikafika Tumutumu na Chogoria. Vituo hivyo vyote viko nje ya Bonde la Ufa. Huku kwetu Upresbiteri uliletwa na maskwota: watu waliotoka Kiambu, Nyeri na Murang'a wakaenda kuishi katika mashamba ya walowezi ili wapate mahali pa kulima na kulishia mifugo. Sheria ya 1918 iliwadai wamfanyie mwenye shamba kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Aliyekuwa msomaji, yaani Mkristo aliyefundishwa kusoma, alikuja na jembe, mbuzi wachache na kitabu cha nyimbo, na jioni akawakusanya wenzake. Hakukuwa na mmisionari wa kuandika ripoti ya jioni hizo. Ndiyo sababu Thogoto ina kumbukumbu zilizohifadhiwa hadi Edinburgh, na kanisa la laini, yaani safu ya vyumba vya wafanyakazi wa shamba, halina hata karatasi.

Kisha mwendelezo wenyewe ulikatika zaidi ya mara moja. Mwaka 1929 misheni ya Waskoti iliwataka waumini wake waikane tohara ya wasichana kwa sahihi au kwa alama ya dole gumba, ile kirore ambayo wazee wa Kikuyu bado wanaitaja. Waumini wengi waliondoka, yakazaliwa makanisa na shule huru, na shule hizo zilifika hadi kwa maskwota wa Bonde la Ufa. Tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangazwa hali ya hatari, na katika miezi iliyofuata makumi ya maelfu ya Wakikuyu walitolewa mashambani wakarudishwa kwa malori kwenye maeneo yao ya asili. Baada ya uhuru mashamba yakaanza kununuliwa na makampuni na vyama vya ushirika, watu wakichanga pesa za hisa na kugawiwa ploti kwa kura. Halafu yakaja mapigano ya kikabila ya 1992 na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007.

Katika mapigano ya 1992 nyumba ya karani wa kanisa hili iliteketea. Ndani yake mlikuwa na kumbukumbu za vikao vya wazee na rejista ya ubatizo.

Yaliyotokea

Baraza la Wazee liliteua kamati ya historia ya watu saba, wote wanaume isipokuwa mweka hazina. Lengo lilikuwa kijitabu, pamoja na bamba la marumaru la kubandikwa ukutani likiwa na mwaka wa kuanzishwa. Fundi wa bamba alilipwa malipo ya awali katika wiki ya kwanza, na mwaka alioambiwa achonge ulikuwa wa miaka ya 1970, pale kampuni ya ardhi ilipogawa shamba na kutenga ploti ya kanisa.

Habari ilipotoka, familia moja kubwa ilipinga. Babu yao alikuwa nyapara katika shamba lile enzi za mlowezi, na tangu utotoni walikuwa wakisikia kwamba aliendesha ibada chini ya mti katika miaka ya 1940. Wakasema kuandika mwaka wa 1970 na kitu ni kumfuta mzee wao. Walileta ushahidi: kipande chake, yaani kitambulisho cha kazi cha enzi za ukoloni, kikiwa bado katika kile kikopo cha chuma ambacho wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kukivaa shingoni tangu baada ya Vita Kuu vya Kwanza. Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nyingi hadi mikunjo ikawa matundu, lakini jina la shamba, tarehe ya kuandikwa kazi na sahihi ya mwajiri vilisomeka.

Upande wa pili ulijibu kwa vyeti vya hisa. Wao ndio waliouza ng'ombe na pareto kununua shamba, wao ndio waliojenga kanisa la mbao. Aliyekuja kuomba chini ya mti alikuwa akiomba kwenye shamba la mzungu, na alipoondolewa aliondoka na maombi yake. Maneno hayo yalisemwa hadharani baada ya ibada, palepale mnada wa mazao ya sadaka ulipokuwa ukiendelea, na Jumapili mbili zilizofuata familia ya nyapara haikuonekana kanisani.

Kamati ikaitisha mkutano wa wakongwe wote ili "wakubaliane". Walikuja kumi na kitu. Mzee mwenye umri mkubwa kuliko wote alizungumza kwanza, na kila aliyemfuata aliitikia hadithi yake, hata wale ambao miaka aliyoitaja walikuwa hawajazaliwa. Mkutano ulikwisha kwa sala na chai. Hakuna jipya lililopatikana.

Hapo ndipo nilipoombwa kuja. Tulianza na swali la vitabu: rejista imeungua, je, kabla ya kanisa hili kuwa na rejista yake, waumini wake walibatizwa wapi? Jibu lilikuwa parishi mama, kwa sababu parishi inapogawanywa, vitabu vya zamani hubaki kule kongwe. Karani alikwenda, akafungua rejista za miaka ya 1960 na 1970, akarudi mikono mitupu. Jina la kanisa halimo popote kabla ya kugawanywa kwa shamba.

Aliyefungua njia ni mama mmoja wa Woman's Guild, chama cha akina mama wa kanisa, ambaye alikuwa amesimama mlangoni akisubiri tumalize ili afunge ukumbi. Alitukumbusha kwamba shamba lile halikuitwa jina la sasa. Lilijulikana kwa jina la kupanga ambalo wafanyakazi walimpa mlowezi. Karani alirudi kwenye rejista zilezile, akashuka na kidole katika safu ya mahali akilitafuta jina hilo la kupanga. Akalikuta mara ishirini na zaidi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960.

Majina ya waliobatizwa ndiyo yaliyotunyamazisha. Baadhi yalikuwa ya Kikuyu. Mengine yalikuwa ya Kiluhya, na manne ya Kiturkana. Karibu hakuna hata moja lenye jamaa katika kanisa la leo.

Hao walikuwa nani

Ilituchukua muda kuwatambua. Walikuwa vibarua wa mlowezi wa mwisho, waliokuja baada ya hali ya hatari kuondolewa mwaka 1960. Walikaa katika laini ya vyumba vya udongo karibu na jumba la kukaushia pareto, na Jumapili walisali ndani ya jumba hilo. Mwinjilisti kutoka parishi mama aliwatembelea kwa baiskeli. Kampuni iliponunua shamba, vibarua wengi hawakuwa na pesa za hisa. Ploti zilipopigiwa kura, wao hawakuwa na namba. Wakafungasha wakaenda: wengine Elburgon, wengine kwenye viwanda vya mbao, wengine wakarudi kwao Magharibi.

Ushahidi wa pili ulitoka kwenye sanduku la mama yuleyule: daftari la Woman's Guild la miaka ya mwanzo ya kampuni, daftari la mistari la watoto wa shule, lililovikwa gamba la karatasi ya mfuko wa saruji. Ukurasa baada ya ukurasa umeandikwa walikutana nyumbani kwa nani, nani alileta mayai mangapi, nani debe la viazi, nani senti za pareto. Katika kurasa za kwanza wanatajwa wanawake wawili walioandikwa "wa laini". Baadaye hawatajwi tena, na pembeni mwa jina la mmoja kuna neno moja tu: "amehama".

Mmoja wao tulimpata akiwa hai katika mji jirani. Alikuwa na kumbukumbu kali. Alitaja mahali kilipokuwa kinara cha taa katika jumba la pareto, nyimbo zilizokuwa zikiimbwa, na jina la mwinjilisti, ambalo lililingana na la rejista. Juu ya nyapara alisema alisikia kwamba "kabla ya Mau Mau palikuwa na wasomaji hapa", lakini yeye hakuwakuta.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kuacha kutafuta mwaka mmoja. Kijitabu kingeeleza mianzo minne, kila mmoja na ushahidi wake: maombi ya maskwota wa miaka ya 1940, kwa masimulizi ya familia, ibada ya vibarua mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa rejista, ujenzi wa kanisa la mbao baada ya kampuni, kwa daftari la akina mama na ramani ya ploti, na mwaka ambao kikundi kilitambuliwa rasmi kuwa kanisa chini ya parishi. Bamba lingebeba huo wa nne, kwa kuwa ndio pekee ambao mamlaka ya kanisa yaliupitisha na kuuandika. Katika mfumo wetu kikundi hakiwi kanisa kwa sababu mtu fulani alianza kuomba. Kinakuwa kanisa pale wazee wanaposimikwa na kupewa uangalizi. Hilo halimpunguzii heshima aliyeanza kuomba.

Uamuzi wa pili ulihusu maneno. Rasimu ya kwanza iliwaita watu wa miaka ya 1940 "wana-PCEA". Kulikuwa na shida mbili. Jina la Presbyterian Church of East Africa ni la 1943. Kubwa zaidi, baada ya 1929 hatuwezi kudhani kwamba kila mkusanyiko wa wasomaji katika mashamba ya Bonde la Ufa ulikuwa wa Waskoti; huenda ulikuwa wa shule huru, huenda ulichanganyika. Tukaandika "Wakristo wa shamba lile". Familia ya nyapara haikulipenda neno hilo.

Uamuzi wa tatu ulihusu 1992. Wajumbe wawili walitaka mwaka huo urukwe kabisa, "tusitoneshe vidonda". Mweka hazina alikataa. Alisema watoto wataona rejista inaanzia 1993 na watauliza kwa nini, na kama kijitabu hakiwajibu, watajibiwa na mtu wa siasa. Ikaandikwa aya fupi: nini kiliungua, watu walikimbilia wapi, walirudi lini. Ikaandikwa pia kwamba vikombe vya Meza ya Bwana na sanduku la sadaka vilifichwa na jirani Mkalenjin, muumini wa AIC (Africa Inland Church), aliyevirudisha vikiwa kamili. Watoto wake waliombwa ruhusa. Waliitoa, wakaomba jina la baba yao lisiandikwe. Halikuandikwa.

Mahojiano nayo yalibadilishwa. Badala ya mkutano, vijana wawili walikwenda nyumba kwa nyumba na simu ya kurekodia, wakimwomba kila mkongwe asimulie aliyoyaona kwa macho yake kabla ya aliyoyasikia.

Matokeo

Jubilii ilifanyika ikiwa imechelewa miezi kadhaa. Bamba la kwanza lilitupwa na pesa zake zikapotea. Kijitabu kilichapishwa, na sura ya vibarua ndiyo iliyosomwa kwa sauti ibadani. Mama wa laini alialikwa, akasimama akazungumza kwa ufupi, kisha akauliza kama anaweza kupewa kadi yake ya ubatizo, maana ya kwanza ilipotea alipohama. Karani wa parishi alimwandikia nyingine kutoka rejista, palepale.

Familia ya nyapara ilirudi nusu: wanawake na watoto walikuja, wana wawili wakubwa wakasusa. Kipande cha babu yao kimepigwa picha na picha imo katika kijitabu.

Kuna tokeo moja ambalo hakuna aliyelitarajia. Tulipokuwa tukitafuta ramani ya kampuni ili tujue ploti ilitengwa lini, iligundulika kwamba ploti ya kanisa haikuwahi kuhamishwa. Kwenye karatasi bado ilikuwa ya kampuni, na kampuni yenyewe ilikuwa imebaki jina tu. Taito ya ardhi ya PCEA hushikwa na Presbyterian Foundation, na faili la ploti hii halikuwa limefika huko. Barua ya ugawaji, ramani na nakala za daftari la akina mama zinazoonyesha matumizi ya ploti tangu mwanzo zimepelekwa pamoja. Shughuli ya taito ilikuwa bado haijakamilika nilipoandika haya.

Uchambuzi

Ugomvi ulionekana kuwa wa mwaka, lakini ulikuwa wa nani ana haki ya kuitwa mwanzilishi, na pande zote mbili zilikuwa na mtu wa kuwasemea. Vibarua hawakuwa na mtu. Asiyekuwa na hisa alihama, aliyehama hakuacha wajukuu kanisani, na asiye na wajukuu kanisani hana mjumbe katika kamati. Naliona hili kuwa jambo zito kuliko yote katika kisa hiki, na nina hakika halitokei hapa tu. Makanisa mengi kutoka Bahati hadi Molo yamesimama juu ya mashamba yaliyobadilisha mikono kwa njia hii. Kamati inapoanza kazi, kabla ya kuuliza nani anakumbuka, iulize nani aliondoka na aliondoka lini. Kama kanisa hili lingeuliza hivyo mapema, lingejua pia kwamba halikuanza kama kanisa la kabila moja. Katika kaunti ambayo watu wamefukuzana mara kadhaa kwa sababu ya nani ni mwenyeji na nani mgeni, yale majina manne ya Kiturkana katika rejista si jambo dogo.

Kipande kilibebeshwa mzigo usio wake. Kinathibitisha kwamba mtu aliandikwa kazi mahali fulani tarehe fulani, basi. Hakisemi aliomba, wala aliomba na nani. Cheti cha hisa nacho kinathibitisha ununuzi. Kila upande ulishika karatasi ya kweli na kuilazimisha iseme jambo ambalo haikuandikiwa. Rejista ya ubatizo ilikuwa na nguvu kwa sababu iliandikwa na mtu asiye na hamu na ugomvi wetu, siku ileile ya tukio, kwa sababu nyingine kabisa. Daftari la akina mama vivyo hivyo. Ningependa kila Baraza la Wazee lijue kwamba wakati wazee waliandika maazimio, wanawake waliandika mayai, na ni mayai yaliyotuonyesha nani alikuwapo. Kamati ya watu saba yenye mwanamke mmoja ilikuwa ikitafuta kwa wiki nyingi kitu kilichokuwa katika sanduku umbali wa dakika tano.

Mkutano wa wakongwe ulishindwa kwa sababu ya adabu yetu wenyewe. Mdogo hampingi mkubwa mbele ya watu, na hiyo ni adabu njema, ila haifai kama njia ya kukusanya ushahidi. Nyumbani, na kikombe cha chai mkononi, watu walewale walisema mengine. Wawili kati yao walisema waziwazi kwamba waliitikia mkutanoni ili kumheshimu mzee.

Kosa kubwa la kamati lilikuwa jinsi walivyoiarifu familia ya nyapara juu ya uamuzi wa bamba. Waliiandikia barua yenye muhuri. Familia iliyotoa kipande cha babu yao ilistahili kutembelewa na mchungaji na wazee wawili, ikae nao, isomewe rasimu kabla haijaenda kwa mchapaji. Neno "Wakristo wa shamba lile" lingeweza kuelezwa uso kwa uso, pamoja na habari za 1929, ambazo wana wale hawakuwahi kuzisikia. Kwenye barua lilisomeka kama tusi. Nadhani wale wana wawili wangekuja.

Kulipia bamba kabla ya utafiti lilikuwa kosa la pesa na pia la fikra, kwa sababu tangu siku ile kila swali lilionekana kama hila ya kumpinga fundi aliyekwisha kulipwa.

Pengo ambalo halijazibwa ni orodha ya wazee na mashemasi kati ya kujengwa kwa kanisa la mbao na 1992. Wakongwe wanatofautiana, na kamati ilifanya vema kuacha kurasa mbili tupu katika kijitabu kuliko kujaza kwa kura. Tangu kichapishwe, muumini mmoja ameleta picha ya harusi yenye majina nyuma yake, na wazee wawili wamethibitishwa kwa hiyo. Rekodi za simu za wale vijana zilikuwa bado katika simu mbili, moja ikiwa na kioo kilichopasuka, wakati kijitabu kilipokuwa kimeshauzwa chote. Sasa zimenakiliwa: nakala moja iko kwa karani wa parishi, nyingine kwa mweka hazina, na rejista mpya ya ubatizo hupigwa picha kila mwisho wa mwaka, ukurasa kwa ukurasa.